Mteremko unaopanda

Mwanafunzi akiambiwa kwamba mstari wa y = 3x + 4 una mteremko wa 3, ana haki ya kushangaa. Neno limezaliwa na kuteremka, na mstari anaouona unapanda!

Nalitetea neno hili. Mpe karatasi ya grafu ambayo mihimili yake inaishia 5 na -5. Anaweka nukta (0, 4), anasogea kulia hatua 1, anapanda 3, anajikuta kwenye 7, nje ya karatasi. Hapo wengi hufuta kazi yao wakidhani wamekosea, na inaniuma, maana hesabu ni sahihi. Arudi kwenye 4, asogee kushoto hatua 1, ateremke 3: (-1, 1), kisha (-2, -2), kisha (-3, -5), ukingoni kabisa. Mstari ni uleule. Na -3 gawanya kwa -1 bado ni 3.

Madereva wa mlima Kitonga, kwenye barabara ya Morogoro na Iringa, wanalijua hili kwa breki zao. Anayekwenda Iringa kutoka Morogoro anapanda, anayerudi anateremka, na ukali wa barabara ni mmoja.