Kutoka Sur hadi Maskati: historia ya karatasi ya rufaa

Katika mji wa Sur, mashariki mwa Oman, Kiswahili husikika sokoni, majumbani na hata kwenye mabenchi ya hospitali. Wapo wazee waliozaliwa Unguja na Pemba, waliorejea katika nchi ya babu zao baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970. Wapo pia wasichana wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaofanya kazi za nyumbani. Siku daktari wa kwanza anapowaambia kwamba maradhi yao yanamtaka bingwa, wote hupewa rufaa. Hata hivyo, rufaa hiyo haiwafungulii wote mlango mmoja.

Hebu turudi nyuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 mgonjwa wa Sur hakuwa na daktari wa kumwelekeza kwa mwenziwe. Alikuwa na mitishamba, mpigaji chuku, na fundi wa kuchoma kwa chuma cha moto. Aliyetaka tiba ya kisasa alisafiri hadi Matrah, jirani na Maskati, ambako wamisionari wa Kimarekani walikuwa wakitibu wagonjwa. Dakta Sharon Thoms alianza kazi huko mwaka 1909, akafariki mwaka 1913 baada ya kuanguka kutoka juu ya nguzo. Mwanawe, Dakta Wells Thoms, aliiongoza hospitali ya misheni hiyo kuanzia mwaka 1939 hadi 1970. Rufaa ya zama hizo ilikuwa ni maneno ya jirani aliyepona akarudi.

Sultan Qaboos alipotwaa madaraka tarehe 23 Julai 1970, takwimu ambazo serikali yake imekuwa ikizirejea zilitaja hospitali mbili tu zenye vitanda 12. Waliotoka Unguja, wakiiacha nyuma hospitali kubwa ya Mnazi Mmoja, walikuta nchi inayoanza karibu na sifuri. Wengi wao, kwa kuwa walisoma na walijua Kiingereza, waliajiriwa katika idara mpya za serikali, zikiwemo za afya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Hospitali ya Khoula ilifunguliwa Maskati mwaka 1974, ikajulikana kwa mifupa na majeraha ya moto. Hospitali ya Royal ikafuata mwaka 1987, na ile ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos mwaka 1990. Sur, Ibra na Nizwa nazo zikapata hospitali za mikoa. Ndipo ulipozuka ulazima wa kupanga foleni: kama kila mwenye kichwa kinachomuuma angekwenda moja kwa moja Maskati, bingwa wa ubongo asingempata mwenye uvimbe. Basi mgonjwa huanzia kituo cha afya cha mtaani, hupelekwa hospitali ya mkoa, na huko ndiko huamuliwa kama safari ya Maskati inahitajika. Mwenye dharura hasubiri mlolongo huo.

Uamuzi huo haukuwa mdogo kwa mtu wa Sur. Kwa njia ya bara kupitia Ibra, Maskati iko zaidi ya kilomita 300. Mimi niliyelelewa Tanga nawajua wagonjwa wa Bombo walioambiwa waende Muhimbili wakaanza kwa kuuza mbuzi. Raia wa Oman hakuuza mbuzi, kwa kuwa matibabu yake yalibebwa na serikali. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani liliiweka Oman nafasi ya nane duniani kwa utendaji wa mfumo wa afya.

Mwaka huo huo kiwanda cha gesi cha Qalhat, karibu na Sur, kilianza kusafirisha shehena zake, na wafanyakazi wa kigeni wakaongezeka. Kwao rufaa ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kujua nani atalipa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2003 ilimbebesha mwajiri jukumu la tiba, na uzito wake ulikua kadiri wafanyakazi walivyokuwa wengi. Mwaka 2019 kukatolewa kanuni za bima ya afya ya pamoja kwa wafanyakazi wa sekta binafsi.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kuwa na kadi ya bima si sawa na kukubaliwa na bingwa. Kampuni ya bima huuliza kama hospitali imo katika orodha yake, kama maradhi yalikuwapo kabla ya mkataba, na kama daktari ameomba idhini kabla ya kipimo au upasuaji. Rufaa bila idhini hiyo humwacha mgonjwa dirishani na ankara mkononi.

Na watumishi wa nyumbani? Sheria ya 2003 haikuwahusu. Uamuzi wa waziri wa mwaka 2004 ulimtaka mwajiri awape chumba, chakula na matibabu. Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu ilieleza jinsi waajiri wanavyowanyang'anya pasi zao za kusafiria. Msichana wa aina hiyo, akipewa rufaa ya kwenda Maskati, huirudisha kwanza nyumbani kwa mwenye kushika pasi.