Buni Njema na Chujio Lake

Siku za Jubilei ni siku za wageni. Mtu atatoka mbali, amechoka kwa vumbi la njia, naye hana budi kukaribishwa. Sisi wa Mtinko hatulimi kahawa. Nchi yetu ni ya mtama na uwele, ya alizeti na vitunguu. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, kisha kiangazi kirefu. Hata hivyo kahawa haikosi nyumbani mwa mwalimu, wala katika baraza la wazee. Lakini tuseme kweli: mara nyingi kahawa ile tumpayo mgeni ni chungu kama shubiri, mashapo yake yashika menoni, na mgeni huizidishia sukari apate kuimeza. Sisi twailaumu buni. Kumbe kosa ni letu. Kwa hiyo twapenda kueleza jinsi kahawa ilivyoifikia nchi yetu, ndipo tueleze jinsi ya kuichagua na kuichuja, maana mambo hayo mawili yafuatana.

Asili ya mbuni uitwao arabika ni misitu ya milima ya Uhabeshi. Toka huko ulivuka bahari ukafika Yemeni, na katika karne ya 15 masufi wa nchi ile walikunywa kahawa wapate kukesha katika ibada zao za usiku. Bandari ya Mokha ikapata sifa duniani kote kwa biashara ya buni. Watu wa pwani yetu wakajifunza kahawa kwa Waarabu, nao mpaka leo huinywa katika vikombe vidogo, pamoja na kashata, kutoka mdila unaokaa juu ya makaa.

Lakini upande wa magharibi, penye Ziwa Viktoria, Wahaya walikuwa na buni yao wenyewe, ya namna iitwayo robusta, kabla Mzungu hajafika. Hawakuinywa. Walichuma tunda bado bichi, wakalichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakalianika, wakalitafuna. Mgeni alipoingia nyumbani alipewa buni kwanza. Tena watu wawili walipotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana, walichukua mbegu mbili za tunda moja, wakazipaka damu zao, kila mmoja akala ya mwenziwe. Basi twaona ya kuwa katika nchi yetu kahawa ilikuwa alama ya urafiki kabla haijawa kinywaji, wala kabla haijawa fedha.

Katika mwaka 1863 mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Huko walipanda mibuni ya arabika, mbegu yake imetoka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo chaitwa Réunion. Lakini mbuni wa namna hiyo hupenda baridi ya milimani kuliko joto la pwani. Katika mwaka 1890 Askofu de Courmont, pamoja na Padre Le Roy na Padre Gommenginger, walipanda mpaka Kilimanjaro, misheni ya Kilema ikaanzishwa. Kabla karne ile haijaisha, mibuni ilikuwa ikiota Kilema, katika udongo mweusi wa mlima na kivuli cha migomba. Mapadre wa shirika lile lile waliipanda Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893, na karibu na Nairobi mwaka 1899. Hata leo mabwana shamba huitaja mbegu hiyo kwa jina la misheni ya Wafaransa.

Wachaga hawakukaa kutazama tu. Wakaipanda mibuni katika vihamba vyao. Bwana Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Moshi, aliwatia moyo. Lakini walowezi wengine hawakupendezwa, maana waliogopa magonjwa ya mimea, tena waliogopa kukosa vibarua. Katika mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Joseph Merinyo akiwa kiongozi, wapate kuilinda mibuni na kuuza buni kwa pamoja. Katika mwaka 1933 chama hicho kikageuzwa kuwa chama cha ushirika, ndicho KNCU, ambacho jina lake lajulikana kote. Na mwaka 1934 kituo cha utafiti kikafunguliwa Lyamungu. Humo wataalamu walichagua miti iliyo bora kati ya mingi, wakaitoa mbegu ya N39 na ya KP423. Angalieni basi: kuchagua kulianza katika mti wenyewe.

Lakini liko jambo moja la kuhuzunisha. Mkulima alilima, akachuma, akaosha, akaanika. Kisha buni iliyo njema ikaingia katika magunia, ikapanda meli. Hata siku hizi sehemu iliyo kubwa ya kahawa yetu huuzwa ng'ambo. Mnywaji wa Ulaya ajua utamu wa Kilimanjaro, na sisi tulio nchi moja na mkulima twajua uchungu wa takataka zilizobaki. Si kwamba twakatazwa kuipata iliyo njema. Mara nyingi hatujui kuiuliza. Na asiyejua kuuliza hupewa chochote.

Basi yatupasa tujue kuuliza. Kwanza, uliza namna. Arabika ya Kilimanjaro, ya Mbinga au ya Mbeya ina harufu nzuri na ukali kidogo kama wa tunda. Robusta ya Bukoba ni nzito na chungu zaidi, na nguvu yake ya kuondoa usingizi ni karibu mara mbili. Zote mbili zina mahali pake, ila kwa kuchuja nyumbani arabika yafaa zaidi.

Pili, usidanganywe na ukubwa. Buni iitwayo AA ndiyo ile isiyopita katika chekecheke lenye matundu ya milimita 7 hivi. Herufi hizo zapima ukubwa, hazipimi utamu. Iko na buni ya mviringo, ambayo ni mbegu moja peke yake katika tunda, badala ya mbili. Hiyo husifiwa sana huko Marekani.

Tatu, imwage katika ungo kama mama achaguavyo mchele. Buni njema zalingana kwa rangi na umbo. Zilizo nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, au zenye harufu ya uvundo, zitupwe. Mbegu moja iliyooza yatosha kuharibu kikombe kizima.

Nne, nunua kidogo kidogo, ikaange nyumbani, uitwange siku ile ile. Katika kukaanga koroga bila kuacha, uiepue ikiwa ya hudhurungi. Ikiwa nyeusi na kutoa mafuta, basi umekaanga mpaka makosa yake na uzuri wake vimekuwa kitu kimoja. Ipumzishe hata kesho yake. Iliyotwangwa zamani ikakaa dukani imekwisha kupoteza harufu yake, hata kama chombo chake ni kizuri.

Sasa twaja kwenye chujio. Watu wengi hufikiri ya kuwa kuchuja kahawa ni anasa ya mjini. La. Huko Paris kwa desturi sifa ya birika la kwanza la kudondosha kahawa hupewa Jean-Baptiste de Belloy, aliyekuwa Askofu Mkuu wa mji ule tangu mwaka 1802 mpaka kufa kwake mwaka 1808. Na karatasi ya kuchujia ilibuniwa na mama mmoja wa nyumbani wa Dresden katika Ujerumani, jina lake Melitta Bentz. Alichoka na mashapo kikombeni. Akachukua chombo cha shaba, akatoboa matundu chini yake, akatandika karatasi ya kukaushia wino aliyoitoa katika daftari la shule la mwanawe. Mwaka 1908 akapewa hati ya serikali ya kuilinda kazi yake. Walimu, tazameni: kitu kinachouzwa leo ulimwenguni kote kilianza kwa vifaa vya darasani.

Siku hizi yako machujio ya udongo, ya bati na ya plastiki, nayo yana umbo la pia. La udongo hushika moto, ila lapasa kuoshwa kwa maji ya moto kwanza. Lenye tundu moja kubwa lataka mkono mtulivu, maana maji hupita upesi. Lenye matundu madogo humvumilia anayejifunza. Asiye na fedha asihuzunike. Sisi tumetumia kifuko cha nguo nyeupe ya amerikani, kimeshonwa kwenye duara la waya, nacho chafanya kazi vema. Kioshwe kwa maji ya moto pasipo sabuni, kianikwe juani. Lakini karatasi ina faida moja zaidi: huzuia mafuta ya kahawa ambayo matabibu wamethibitisha kwamba huongeza lehemu katika damu.

Kwa kikombe kikubwa pima gramu 15 za kahawa, ndiyo vijiko vya kulia viwili vilivyojaa kilele, na robo lita ya maji. Unga uwe kama chenga za mchanga, usiwe vumbi. Visima vingine vya Singida vina maji ya chumvi; hayo huua ladha, basi heri maji ya mvua yaliyotunzwa safi. Tena nchi yetu iko juu ya bahari mita kama 1,500, kwa hiyo maji huchemka kwa nyuzi kama 95, nacho ndicho kiasi hasa cha moto kinachoifaa kahawa. Wa pwani hungoja maji yapoe kidogo. Sisi twaepua na kumimina. Lowesha unga kwanza, ungoje nusu dakika. Buni iliyokaangwa karibuni itafura na kutoa povu. Kisha mimina polepole kwa kuzungusha, yote yaishe kwa dakika 3 au 4. Maji yakipita upesi na kahawa ikawa nyepesi na kali, wakati mwingine twanga zaidi. Yakikawia na kahawa ikawa chungu, punguza kutwanga.

Haba na haba hujaza kibaba. Hivyo ndivyo kahawa ishukavyo katika chujio, na ndivyo kazi za wazee wetu zilivyotufikia. Tukimpa mgeni kikombe safi, kisichohitaji sukari ya kukifichia aibu, tumemheshimu yeye, tena tumemheshimu mkulima wa mlimani ambaye hatujamwona uso wake.