Nyumba ya Jumamosi: Familia Wenyeji na Makuruta wa Annapolis

Kila kiangazi vijana zaidi ya elfu moja huingia Chuo cha Wanamaji cha Marekani mjini Annapolis, jimbo la Maryland, na siku hiyohiyo wavulana hunyolewa, wote huvalishwa sare na kuapishwa. Majuma yanayofuata hukariri kijitabu kiitwacho Reef Points, hula wakiwa wima ukingoni mwa kiti, na kila wanapopinda kona ya korido hupaaza sauti kwamba timu ya Jeshi la Nchi Kavu lazima ifungwe. Yakiisha hayo, chuo hufanya jambo linaloonekana kuwa kinyume chake: kinampa kuruta familia ya eneo hilo, ili siku ya ruhusa aende kwao, ale chakula cha nyumbani na alale kwenye kochi bila kuulizwa lolote. Watu wengi huuona utaratibu huu kuwa ukarimu tu, kitu cha pembeni kisicho na nafasi katika historia ya chuo. Mimi naona vingine. Chuo kinachomng'oa kijana kwao hakijawahi kuliondoa hitaji la nyumba. Kwa zaidi ya karne moja kiliwaachia wenye bahati, wenye mama wenye uwezo na wenye rangi iliyokubalika walitimize kivyao. Familia wenyeji ni jaribio la kuigawa bahati hiyo kwa orodha.

Chuo chenyewe kilizaliwa kutokana na hofu ya vijana wasio na mlezi. Desemba 1842, ndani ya meli ya mafunzo Somers, kijana Philip Spencer, mtoto wa Waziri wa Vita, alinyongwa pamoja na mabaharia wawili kwa tuhuma za kupanga uasi, bila mahakama ya kijeshi. Kashfa hiyo iliwapa nguvu waliotaka maofisa wafundishwe nchi kavu, na tarehe 10 Oktoba 1845 Waziri wa Jeshi la Majini, George Bancroft, alifungua shule katika ngome ya Fort Severn akiwa na wanafunzi wapatao 50 na walimu 7. Kuileta shule ufukweni kulikusudiwa kuleta nidhamu, lakini kulileta pia mji ukutani: maduka, baa, wasichana, majiko yanayonukia. West Point, chuo cha Jeshi la Nchi Kavu kilicho kikubwa zaidi kwa umri (1802), kilikuwa kimeshaonja tatizo hilo. Chini ya mkuu wake Sylvanus Thayer milango ilibanwa kwelikweli, na matokeo yake yakawa kilabu cha Benny Havens, ambako makadeti walitoroka usiku kwenda kunywa, na ghasia za mkesha wa Krismasi wa 1826, pombe ilipoingizwa kwa siri bwenini na makadeti wakawageukia maofisa wao. Jefferson Davis, aliyekuja kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga, alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Wanahistoria husimulia kisa hiki kama kichekesho cha walevi. Kwangu tarehe ndiyo inayosema zaidi: ni usiku ambao vijana wengi wa Kikristo nchini walikuwa mezani kwa wazazi wao.

Waliokuwa na njia walijitafutia nyumba wenyewe. Douglas MacArthur, jenerali wa baadaye, alipoingia West Point mwaka 1899, baba yake akiwa jenerali vitani Ufilipino, mama yake alihamia hotelini palepale chuoni ili awe karibu na mwanawe. Watu humcheka mama huyo mpaka leo, ingawa sioni cha kuchekesha: mwanawe ndiye kadeti aliyemaliza wa kwanza darasani mwaka 1903, na aliporudi kuwa mkuu wa chuo mwaka 1919 aliwafungulia makadeti ruhusa za mwisho wa juma. Mtoto wa mkulima wa Nebraska hakuwa na mama wa kupanga hotelini. Huko Annapolis nako nyumba za mjini zilikuwa na uhusiano na chuo, lakini wa biashara: wenye nyumba walipangisha vyumba kwa wasichana waliokuja kwa dansi za mwisho wa juma. Mlango ulifunguka kwa ada.

Hali ya vijana weusi ndiyo inayotuonyesha gharama halisi ya kukosa mlango huo. James Henry Conyers wa South Carolina aliingia Annapolis mwaka 1872, wa kwanza wa rangi yake, akapigwa, akatengwa, na mwaka uliofuata akaondoka. Alonzo McClennan na Henry Baker waliomfuata nao hawakumaliza, wala si kwa upungufu wa akili: McClennan akawa daktari Charleston, Baker akafanya kazi ya kuchunguza hataza katika ofisi ya serikali. Katika miaka ya 1930 James Lee Johnson na George Trivers walijaribu wakaondoka. Wa sita, Wesley Brown, aliingia mwaka 1945 na kuhitimu mwaka 1949. Nini kilibadilika? Siasa za baada ya vita, bila shaka, na uvumilivu wake mwenyewe. Wakubwa wa madarasa ya juu walimlundikia alama za makosa mwaka mzima wa kwanza. Jimmy Carter, rais wa baadaye, aliyekimbia naye katika timu ya mbio za nyika, alimtia moyo. Lakini jambo moja hutajwa kwa haraka mno: Brown alikuwa mtoto wa Washington, aliyesoma shule ya Dunbar na kupita Chuo Kikuu cha Howard, na Washington iko kiasi cha kilomita 50 tu kutoka Annapolis. Watu wake walikuwa karibu. Conyers alitoka mbali, akaingia mji ambao familia nyeupe isingemkaribisha mezani hata kama ingetaka. Tukimweka kando yao Benjamin O. Davis Mdogo, kadeti mweusi aliyekaa West Point miaka minne, 1932 hadi 1936, bila mwenzake kusema naye ila kwa shughuli za kazi, tunaona kwamba mtu mmoja wa chuma anaweza kuhimili bila nyumba. Taasisi haiwezi kupanga mambo yake kwa kutegemea watu wa chuma.

Ndiyo maana nauona utaratibu rasmi kuwa hatua ya haki kuliko ya huruma. Familia huomba, huchunguzwa, kisha hupangiwa vijana. Nyumba sharti iwe ndani ya eneo ambalo kuruta anaruhusiwa kufika, ambalo kwa desturi hupimwa kwa maili 22 kutoka kanisa la chuo. Wanawake walioingia mwaka 1976, wa kwanza chuoni (81 waliingia, 55 wakahitimu mwaka 1980), walihitaji mlango kama huo kuliko wavulana. Na wageni kutoka nchi nyingine, ambao sheria inaruhusu wasizidi 60 kwa wakati mmoja katika kila chuo, hawana pa kwenda siku ya Shukrani wenzao wakipanda ndege kwenda makwao. Ugeni huo si wa jana: Uriu Sotokichi wa Japani alihitimu Annapolis mwaka 1881.

Wapo wanaosema kwamba kochi linamlegeza askari: vita havina Jumamosi, na kuruta azoee. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kufunga milango kungewahi kuifuta hamu ya kutoka. Tumeona kwamba kulizaa kilabu cha Benny Havens. Shinikizo la mwaka wa kwanza linafanya kazi kwa sababu lina mipaka, na kijana anayejua kwamba Jumamosi kuna mtu atakayemwita kwa jina lake la kwanza hulibeba vizuri zaidi la Jumatatu. Isitoshe, mgeni siku mbili: baada ya miezi michache mwenyeji mwenye busara humwachia sinki la vyombo, na kuruta huosha kwa furaha kwa kuwa hakuna anayemfokea.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Nyumba ya mtu ni mahali pasipo na ofisa wa zamu. Pombe inaweza kumiminwa kwa asiyetimiza miaka 21, na yanaweza kutokea mabaya kuliko hayo. Hilo ni kweli, na uchunguzi wa familia hauwezi kuliondoa lote. Linazidishwa na jambo ambalo watetezi wa utaratibu hawapendi kuligusa: Annapolis imejaa maofisa wastaafu, na Colorado Springs, penye chuo cha Jeshi la Anga, imezungukwa na kambi. Wenyeji wengi ni watu wa jeshi lilelile, na kuruta anayetaka kunong'ona kwamba ananyanyaswa anaweza kujikuta anamnong'onezea rafiki wa zamani wa kamanda wake. Kwa hiyo, kama utaratibu huu unastahili kurekebishwa, uanzie hapo: mwalimu wa shule, fundi bomba na muuguzi wasiowahi kuvaa sare wapewe nafasi kubwa zaidi kwenye orodha, hata kama hawajui meli ina sitaha ngapi.