Misingi na Makosa katika Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao mpira wake wa umbo la yai hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa mguu, imani kwamba mshindi ni mwenye makosa machache ilipata mwalimu wake mkuu katika Robert Neyland, ofisa wa jeshi aliyekuwa kocha mkuu wa timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee kuanzia mwaka 1926, na ambaye aliitanguliza imani hiyo katika kanuni alizowakaririsha wachezaji wake. Mwaka 1939 timu hiyo ilimaliza michezo yote 10 ya msimu wa kawaida bila kuruhusu hata pointi moja.

Kanuni hiyo ya makosa machache ilithibitika tena tarehe 17 Oktoba 2015 mjini Ann Arbor, ambako timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, ikiongoza kwa 23 dhidi ya 21 huku zikisalia sekunde 10, ilihitaji tu kuupiga mpira mbali kwa mguu. Lakini mpira aliorushiwa chini mno na mwenzake ulimponyoka mpigaji, mchezaji wa wapinzani wao, Michigan State, akaudaka na kukimbia nao yadi 38 hadi eneo la kufungia, na muda ukaisha Michigan State ikishinda kwa 27 dhidi ya 23. Kudaka mpira, somo la kwanza la mwanafunzi, ndiko kulikoamua mchezo.