Mkaaji au Mzaliwa? Uchaguzi wa Komini wa 1957 mjini Jadotville

Utangulizi

Katika historia ya siasa ya Kongo, uchaguzi wa komini wa mwaka 1957 hutajwa zaidi kwa ajili ya Léopoldville, ambako ushindi wa ABAKO ulimfungulia Joseph Kasa-Vubu mlango wa uongozi. Miji ya shaba ya Katanga husahauliwa. Hata hivyo, kura zilizopigwa Elisabethville na Jadotville, yaani Lubumbashi na Likasi za leo, ziliacha swali zito zaidi: mwenye mji ni nani, yule anayekaa humo au yule ambaye babu zake walimiliki ardhi yake? Makala haya yanaonyesha jinsi uchaguzi mdogo, wa mabaraza yasiyo na nguvu, ulivyolizusha swali hilo.

1. Mji na watu wake

Jadotville, ulio umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Elisabethville, ulikuwa mji wa Union Minière du Haut-Katanga. Viwanda vya Shituru na Panda vilihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana katika nchi ile ya Wasanga. Tangu 1910 wafanyakazi wa Katanga walitafutwa mbali, na reli iliyofika Port-Francqui (Ilebo) mwaka 1928 iliyaunganisha machimbo na Kasai. Wakati huohuo kompani ilianza siasa ya kuwatuliza wafanyakazi: mtu alipewa nyumba, akaruhusiwa kuishi na mke wake, na watoto wake wakasomeshwa kambini.

Hivyo mfanyakazi hakurudi tena kwao. Wengi kutoka Kasai, waliosoma katika shule za misheni, wakawa makarani na mafundi. Watoto waliozaliwa kambini na katika mtaa wa Kikula walikua wakisema Kiswahili, lugha ya kazi na ya sokoni. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hawa jembe walikuwa wamelishika miaka thelathini. Lililobaki ni kujua kama mwenye kushika jembe ana haki pia ya kusema katika baraza.

2. Sheria na mipaka yake

Dekreti ya tarehe 26 Machi 1957 iliigawa miji katika komini, kila moja na baraza lake na mkuu wake. Waliopiga kura ni wanaume waliotimiza miaka 25, wanawake hawakuhesabiwa. Wakoloni wenyewe waliyaita mashauriano, hawakuthubutu kuyaita uchaguzi. Mkuu wa komini aliteuliwa na utawala baada ya kutazama kura, na juu ya wakuu wote alisimama mkuu wa mji, Mbelgiji. Mishahara, bei ya shaba, ardhi ya machimbo: hayo yote yalikuwa nje ya uwezo wa baraza.

Hapa ndipo lilipo kosa la msingi. Kwa kuwa baraza halikuweza kuamua mambo makubwa, jambo kubwa lililobaki kwa mpiga kura lilikuwa jina na asili ya yule atakayeketi kitini. Tena Katanga haikuwa na vyama vya siasa vya kueneza mipango. Kulikuwa na vyama vya kusaidiana vya watu wa asili moja, vilivyozika wafu na kupokea wageni kutoka kijijini. Ndivyo vilivyogeuka kuwa njia ya kukusanya kura.

3. Matokeo na hasira

Mjini Elisabethville, wakuu wa komini nne za Waafrika walikuwa wote watu wa nje ya Katanga: watatu wa Kasai, mmoja wa Kivu. Mjini Jadotville alipanda Victor Lundula, Mtetela wa Sankuru, aliyepata kuwa askari wa Force Publique. Hapakuwa na hila katika matokeo hayo. Watu wa Kasai walikuwa wengi mijini na walipiga kura pamoja. Wazaliwa wa Katanga waligawanyika.

Lakini hesabu iliyo sahihi haitulizi mioyo. Bei ya shaba ilikuwa imeshuka, kazi zilipungua, na mzaliwa aliona kwamba mgeni, aliyemtangulia kazini, sasa anamtangulia hata barazani. Mwezi wa Oktoba 1958 iliundwa CONAKAT, shirikisho la vyama vya makabila ya Katanga, ambamo Godefroid Munongo na Moïse Tshombe walipata sauti. Mwezi wa Julai 1959 shirikisho likawa chama cha siasa. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Siku tatu kabla yake, mkuu wa komini Lundula alikuwa amefanywa jemadari wa jeshi la taifa huko Léopoldville.

4. Mwaka 1992

Swali lilirudi mwaka 1992, kwa ukatili. Wakasai, na wengi wao walizaliwa Likasi, waliitwa bilulu, yaani wadudu, wakafukuzwa majumbani. Maelfu walilala kandokando ya stesheni ya Likasi wakingoja gari-moshi la kuwapeleka katika nchi ambayo watoto wao hawakuwa wameiona. Reli iliyowaleta baba zao ndiyo iliyowaondoa.

Hitimisho

Uchaguzi wa 1957 haukuzaa chuki peke yake. Kompani, mkoloni na njaa walichangia. Ulichofanya ni kuwapa watu kura bila kuwapa madaraka, na kuhesabu wakaaji bila kuwatuliza wazaliwa. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu, na Likasi haimo kati ya miji hiyo. Siku mji huu utakapowachagua washauri wake tena, itafaa wapewe kwanza kazi halisi ya kufanya: maji, barabara, soko, shule. Panapokuwa na kazi, mshauri ataulizwa alichotenda kabla ya kuulizwa alikotoka.