Siri ya Mtungi: Vita vya Septemba 1972

Nyashimo, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, leo ni makao makuu ya Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Mwaka 1972 ilikuwa katika Mkoa wa Mwanza. Na ni mji wa Mwanza, pamoja na Bukoba, ulioangushiwa mabomu na ndege za Idi Amin.

Chanzo chake kilifichwa. Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Milton Obote, waliofunzwa na kupewa silaha nchini Tanzania, walivuka mpaka kuelekea Masaka na Mbarara. Siku chache tu, wakashindwa. Serikali ilikana kuwa majeshi yake yameivamia Uganda. Waama waliovuka walikuwa Waganda. Lakini bunduki zilitoka wapi? Siri ya mtungi aijuaye kata, na raia hakuwa kata. Hakuulizwa, naye ndiye aliyelipa.

Oktoba, kwa usuluhishi wa Siad Barre, mapatano ya Mogadishu yalizitaka nchi hizo kila moja isiwasaidie wapinzani wa mwenzake. Sharti hilo lilikuwa ungamo: nchi haitakwi kuacha isilolifanya.

Mwaka 1978 mambo yalikwenda kinyume. Amin alipoitwaa ardhi ya Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaeleza wananchi waziwazi kwa nini watapigana. Wakaitikia: wakatoa ng'ombe na nafaka, vijana wakaingia mgambo.

Adui alikuwa yule yule na umma ule ule. Safari hii waliambiwa.