Lugha Gongana Hospitalini

Leo tuzungumzie swali ambalo mimi kama mtengenezaji wa programu huulizwa mara kwa mara. Ikiwa naweza kumtumia shangazi pesa kwa simu kwa sekunde chache, mbona hospitali moja ishindwe kuitumia nyingine rekodi zangu? Ndugu zangu, kutuma si kazi. Kazi ni kuelewana. Shilingi ni shilingi kila mahali, lakini ugonjwa huandikwa kwa namna mia.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1987 liliundwa huko Marekani shirika la HL7, kwa sababu tarakilishi za maabara, za chumba cha dawa na za mapokezi, hata ndani ya hospitali moja, zilikuwa hazisemezani. HL7 ikaleta muundo wa ujumbe: mistari ya maandishi, kila mmoja ukianza kwa herufi tatu, na vipande vyake vikitengwa kwa alama hii: |. Mstari wa PID unamtaja mgonjwa, ule wa OBX unabeba jibu la kipimo. Muundo huo bado unatumika hadi leo.

Lakini hiyo ilikuwa bahasha tu. Maabara moja huandika "Hb", nyingine "HGB", ya tatu "hemoglobini". Binadamu anajua ni kitu kimoja. Mashine inaona vitatu. Isitoshe, kila kampuni iliruhusiwa kujiongezea mistari yake inayoanza na Z, ambayo wenzake hawaijui. Lugha gongana!

Mwaka 1994 Taasisi ya Regenstrief iliyoko Indianapolis ikaanzisha LOINC, orodha ya nambari za vipimo. Humo hemoglobini ya damu ni 718-7, uwe Eldoret au Tokyo.

Taasisi hiyo hiyo ndiyo inayotuunganisha sisi Wakenya na historia hii. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana waliweka mfumo wa rekodi katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, uliotengenezwa kwa Microsoft Access. Mwaka 2004, Regenstrief na Partners In Health wakaanzisha OpenMRS, programu huria ambayo moyo wake ni kamusi ya dhana: kila swali na kila jibu la kitabibu lina nambari yake. KenyaEMR, inayotumika katika kliniki nyingi za virusi vya UKIMWI nchini, imejengwa juu yake.

Mwaka 2011 Grahame Grieve wa Australia akaanzisha kazi iliyozaa FHIR, inayotuma rekodi kwa njia zile zile za wavuti tulizozizoea. Kijana anayejua JSON anaweza kuanza leo.

Je, tumemaliza? Bado. FHIR peke yake haiwezi kujua kama Chebet aliyeandikwa Kapsabet kuwa kazaliwa 1980 ndiye Jebet aliyeandikwa Eldoret kuwa kazaliwa 1982. Tukimgawa mtu mmoja kuwa wawili, mzio wake wa penisilini unabaki katika faili ambayo daktari haioni. Tukiwaunganisha wawili kuwa mmoja, mtu atatibiwa kwa damu ya mwenzake.

Sheria ya Afya Dijitali ya 2023 ilitaka vituo vyetu viunganishwe. Vyema. Ila pesa zisiishie kwenye seva na nyaya. Walipwe pia wale watakaoketi mezani kukubaliana majina, nambari, na nani ni nani. Tangu 1987, hapo ndipo kazi imekuwa ikikwama.